Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Jikoni kwa Mama Adero kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyethubutu kuivunja: Kimeli anakunywa kwanza.

Kila asubuhi alifika mtaa wa Langas, Eldoret, na baiskeli yake, mikebe ya maziwa ikigongana nyuma, akaiegemeza kwenye ukuta wa mabati wa kanisa na kuvua kofia. Foleni ilikuwa imeshajipanga na vikombe vyake: wamama wenye watoto mgongoni, wazee waliovaa makoti ya kupewa, vijana waliokuwa na kazi kabla ya vita na sasa walikuwa na mikono tu. Hakuna aliyemsalimu. Mama Adero alichota kikombe kutoka kwa maziwa aliyoleta Kimeli mwenyewe, akampa, na foleni nzima ikatazama koo lake likipanda na kushuka. Kisha watu wakangoja. Wakimwona bado amesimama, maziwa yakaingia kwenye uji wa wimbi.

"Hajaanguka," Purity mpishi alizoea kusema huku akishika mwiko. "Basi leo pia tutakula."

Watu walicheka, lakini kwa kile kicheko cha mtu anayemcheka mbwa wa jirani aliyefungwa. Anacheka huku anaangalia kamba.

Huo ulikuwa mwaka wa 2008, mvua imeshika. Moto wa Januari, ule wa baada ya uchaguzi, ulikuwa umezimika, kambi ya kiwanja cha maonyesho imefungwa, na watu wameambiwa warudi nyumbani. Wengi nyumbani kwao kulibaki msingi wa mawe na magugu. Wakajibana Langas, familia nzima kwa chumba kimoja cha kukodi. Mama Adero, mwalimu mstaafu aliyekaa mtaa wa West Indies, hakuwa Mkikuyu wala Mkalenjin, kwa hivyo kila upande ulimshuku kidogo tu. Aliomba kanisa chumba cha nyuma, akaomba sufuria, akaomba wimbi. Maziwa alimwomba Kimeli, Mkalenjin ambaye alikuwa amemfundisha kusoma kule Soy.

Waiyego, mmoja wa waliokimbia moto, alipika hapo pamoja na Purity. Alikuwa msichana wa maneno machache, lakini jicho lake halikulala. Aliona kwamba Kimeli akishakunywa alikiosha kikombe mwenyewe, asimwachie mtu kazi ya kushika alichokishika. Aliona kwamba hakuvaa kofia tena mpaka mtoto wa mwisho apewe. Siku moja Cucu Nyakio, bikizee asiyekuwa na jino hata moja, alitema mate karibu na kiatu chake. Kimeli alisogeza mguu kando polepole, kana kwamba anampisha mkubwa apite. Waiyego akageukia moto wake na kukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa amemsamehe mtu. Kila alipowasha kuni asubuhi aliomba maneno yale yale: "Mungu, sikuombi uniondolee hasira. Naomba tu isiingie kwa chakula."

Na ndiye aliyemuuliza Kimeli kwenye bomba la maji, bila hata habari ya asubuhi:

"Siku ile ulikuwa wapi?"

Kimeli hakujifanya hajui ni siku gani.

"Nyumbani. Vijana wa kwetu walipita kunichukua, nikakataa. Wakasema asiyeenda anatoa ng'ombe. Wakashika ya mama, wakachinja pale pale kwa boma, wakala."

"Siku hizi kila mtu wa kwenu alikuwa nyumbani. Sijui basi ni nani alikuwa kwa barabara."

"Kama ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo," Kimeli akajibu, akachukua ndoo yake na kumbebea mpaka jikoni.

Hakumwamini siku hiyo. Alianza kumwamini baadaye, kwa woga, kama mtu anayejaribu kukanyagia mguu uliovunjika. Leo anaweka kidole, kesho kisigino. Kufika Krismasi alijikuta anasikia mikebe ya ile baiskeli ikigongana kabla mtu mwingine yeyote hajaisikia, na akajua ameshaingia.

Mwaka mpya ulipoanza, Jumapili moja baada ya ibada, Kimeli alikuja bila mikebe. Alikuwa amebeba kitu kifuani, kimefungwa kwa leso, na gumbuti zake za mpira amezipangusa. Akamwita Waiyego nyuma ya jikoni, akafungua leso. Kilikuwa kibuyu kirefu, kimeiva kwa uzee, shingoni kimezungushwa ngozi na shanga chache zilizofifia rangi.

"Hii si ya uji," akasema. "Ni mursik. Mama ameilaza mwenyewe. Nimemwambia juu yako."

"Umemwambia nini?"

"Yote. Sasa sikiza vizuri, Waiyego. Amesema hivi: watu wenu wakikunywa, atakuja kuwaona. Wakikataa, nisitaje jina lako tena kwa nyumba yake."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema watakunywa."

"Wee, Kimeli! Unawajua hawa watu?"

"Nakujua wewe."

Watu wa Waiyego walikuwa mtu mmoja. Mzee Gerishon alikuwa ndugu ya marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea. Waiyego alimwita Baba. Kabla ya vita alikuwa na duka la misumari, mabati na rangi, duka lenye mlango wa mbao wa kukunja ambao aliupaka mafuta kila mwisho wa mwaka. Sasa alikaa kwenye benchi la jikoni kutwa nzima, fimbo katikati ya magoti, akilinda mlango ambao haukuwa wake.

Waiyego alimkaribia kwa adabu, kibuyu amekishika kwa mikono miwili.

"Baba, Kimeli ametuletea maziwa ya kwao. Ni zawadi. Naomba uonje."

Mzee Gerishon alimtazama Kimeli kuanzia kwa gumbuti mpaka kwa kofia aliyoishika mkononi. Akanyoosha kikombe. Maziwa yakatoka mazito, meupe, na ndani yake kukawa na michirizi myeusi.

Hakuna mtu wa Eldoret asiyejua mursik, maziwa ya Kikalenjin ya kugandishwa kibuyuni. Wakimbiaji wakirudi na medali hunyweshwa hadharani, na watu hupiga makofi. Lakini kujua kitu kiko kwa mdomo wa mtu mwingine ni tofauti na kukiona kwa kikombe chako, hasa kama mwaka jana tu ulikuwa unakimbia.

"Hii nyeusi ni nini?" Mzee Gerishon akauliza.

"Ni makaa ya mti, Mzee. Ndiyo inaifanya ikae bila kuharibika."

"Makaa."

"Ndiyo, Mzee."

"Ya mti gani? Ya mlango wangu ama ya dirisha?"

Purity, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akadakia kutoka kwa sufuria: "Si walituita madoadoa wakitufukuza? Sasa wametuletea na maziwa ya madoadoa. Tujinywe wenyewe!"

Foleni ikalipuka. Mtu akapiga sinia. "Mwambie anywe kwanza!" mwingine akaita. "Anywe yote, atuachie kibuyu!"

"Nitakunywa," Kimeli akasema. "Leteni."

Lakini Mzee Gerishon alikuwa ameshapindua kikombe. Halafu akamnyang'anya Waiyego kibuyu na kukiinamisha. Maziwa yakatoka kwa mafungu, glop, glop, yakaloweka mchanga mpaka miguuni mwa Kimeli.

"Mzee," Kimeli akasema, "kwetu maziwa haimwagwi."

"Na kwetu mlango hauchomwi. Toka."

Kimeli aliangalia yale maziwa kama mtu anayeangalia mnyama wake aliyegongwa na gari. Kisha akavaa kofia, kabla ya mtoto hata mmoja kupewa uji, akaenda. Kibuyu alikiacha mikononi mwa Mzee, naye Mzee akakitupa kwenye rundo la kuni.

Waiyego alikiokota. Hapo ndipo alipofanya kosa, na alilifanya kwa moyo safi kabisa.

Kwao, chombo cha watu hakirudishwi kichafu, wala hakirudishwi kitupu. Hivyo ndivyo marehemu mama yake alivyomfundisha, na hivyo ndivyo alivyofikiri ataomba msamaha. Akachemsha maji. Akatia sabuni ya unga, akatia changarawe, akaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja na kutikisa mpaka mabega yakamuuma. Maji yalitoka meusi kama chai ya rangi. Akafurahi. Akarudia. Aliendelea mpaka maji yakatoka meupe, kibuyu kikanuka ua la kwenye pakiti, akakianika juani. Kilipokauka akakijaza njahi, yale maharagwe meusi yenye mdomo mweupe ambayo kwao hupikiwa mzazi na mgeni wa heshima. Akakifunga kwa ile leso na kumpa Mama Adero ampelekee Kimeli.

Kesho yake maziwa hayakuja. Siku iliyofuata hayakuja. Uji ukapikwa kwa maji, na watoto wakaunywa wakikunja pua.

"Si niliwaambia?" Mzee Gerishon akasema benchini. "Mtu akikasirika kwa sababu hujanywa sumu yake, jua ilikuwa sumu."

Hakuna aliyembishia. Waiyego pekee ndiye aliyeona kwamba hata yeye Mzee aliumaliza uji wake kwa shida.

Juma lilipokwisha Kimeli alitokea, kwa miguu, akasimama nje ya ua kama mtu asiyekuwa na ruhusa ya kuingia. Waiyego akamfuata mpaka kwenye waya, mikono ikiwa na unga.

"Uliosha na nini?" Kimeli akauliza.

"Na sabuni. Niliosha mpaka ikatakata. Kwani haikufika?"

Kimeli alijipangusa uso kwa kofia. Hakujua acheke au alie.

"Kibuyu ya maziwa haioshwi na sabuni, Waiyego. Hiyo nyeusi uliitoa ndani si uchafu. Hiyo ndiyo kibuyu yenyewe. Mama yangu alipewa hiyo na mama yake akiolewa. Miaka yote ameisugua na makaa, hakuna siku imeguswa na sabuni. Amefungua leso, akanusa. Unajua amesema nini? 'Wamemwaga maziwa yangu, hiyo ningevumilia. Lakini wametuosha kama kinyaa.'"

Waiyego akaitazama mikono yake yenye unga.

"Na njahi?"

"Amepea kuku."

Ua wa waya ulikuwa katikati yao. Nyuma, Purity alikuwa akigombana na mtu juu ya kikombe.

"Ng'ombe ni za mama," Kimeli akasema. "Amekataza maziwa. Amekataza jina. Mimi nasema hivi, twende. Niko na rafiki Kitale, anaitwa Kipkemboi, ana shamba la kulima kwa nusu. Twende tuanze huko. Tutakuwa watu wawili tu, bila hawa wote."

Ukweli ni kwamba moyo wake Waiyego uliruka kusema ndiyo. Alimtazama yule mtu aliyekuwa akinywa kwanza mbele ya watu waliotaka aanguke, na akaona angeweza kwenda naye Kitale, au mbele ya Kitale. Lakini akakumbuka usiku wa Januari, sketi imeshikwa mkononi, kiatu kimoja kimebaki njiani.

"Nilishakimbia mara moja," akasema. "Sitakimbia tena. Hata na wewe."

"Basi utafanya nini?"

"Mama yako anakaa upande gani wa Soy?"

Alishuka Soy siku ya soko, na kwa namna alivyotazamwa ungefikiri amekuja na petroli. Alipouliza njia, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza kabeji alimpima kwa macho.

"Unatafuta shamba lenu? Lina mwenyewe sasa."

"Sina shamba, Mama. Natafuta kwa Mama Tapsubei."

"Ya nini?"

"Nimemharibia kibuyu."

Mwanamke akatulia na kabeji mkononi. Akamwonyesha njia kwa kidole.

Mama Tapsubei alikuwa mrefu kama Kimeli mwanawe, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, mgongo umenyooka kama mlingoti. Hakufungua geti. Alisimama ndani, Waiyego akasimama nje.

"Chamgei, Mama," Waiyego akasema, salamu pekee ya Kikalenjin aliyoimudu.

"Usinisalimie na lugha yangu. Wewe ndiye msichana wa sabuni?"

"Ni mimi."

"Umekuja kuosha nini tena? Ng'ombe?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Sikujua."

"Hamjui. Mmekaa hapa mpaka mkazeeka, mkauzia sisi misumari na sukari, na hakuna mmoja alitaka kujua tunalisha watoto na nini." Akasogea karibu na geti. "Ng'ombe yangu ililiwa na watu wangu kwa sababu kijana yangu alikataa kuchoma watu wenu. Nilikaa hapo kwa mlango nikiona wakila. Halafu napeleka maziwa ya ng'ombe imebaki, mnamwaga. Sasa mtoto wangu amefaidi nini? Huku anaitwa mwoga. Huko anaitwa mwuaji."

Waiyego hakujitafutia jibu la uongo.

"Hapana faida, Mama," akasema. "Amepata aibu tu, pande zote mbili. Nifundishe kuitengeneza."

"Haitengenezwi. Sabuni imeingia kwa mifupa yake."

"Nijaribu."

Mama Tapsubei aliingia ndani. Waiyego akafikiri ndiyo mwisho. Lakini akarudi na kibuyu, akakipitisha juu ya geti kama mtu anayetupa mfupa.

"Chukua. Ukiirudisha ikinuka maziwa, tutaongea. Ikinuka sabuni, usikanyage hapa tena, na mtoto wangu umwache. Mti ni ule wa maua ya njano, senetwet, huko kwa ua. Mikono unayo."

Akampa mgongo. Akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko lake la nje, akachukua kibuyu kingine, akaanza kazi zake. Hakumwambia Waiyego abaki, wala hakumwambia aende.

Waiyego alibaki. Alishika waya za geti na kutazama. Aliona Mama Tapsubei akitia kijiti cha senetwet motoni mpaka ncha ikawa kaa jekundu, akakiingiza kibuyuni na kusugua kwa ndani, akikiviringisha, moshi ukimtoka katikati ya vidole. Aliona akimwaga vipande vikubwa na kuacha vumbi. Aliona akichukua ufagio mdogo wa ukindu, akalilainisha vumbi lile ukutani mwa kibuyu, akanusa, akarudia. Kazi ilikwenda polepole sana, na ule mgongo wakati mwingine ulijipinda kando kidogo, hivi kwamba mtu aliyesimama getini aliweza kuona mikono vizuri. Kama ilikuwa makusudi, Mama Tapsubei hangekubali hata kwa kiapo.

Langas hawakumwacha apumue. Alipoketi nyuma ya jikoni na kijiti chake cha moto, foleni iligeuza shingo yote.

"Purity, mwenzako anachoma kibuyu!"

"Mwacheni," Purity akasema. "Wengine huchoma nyama, yeye anachoma chombo. Akimaliza atatupikia sufuria."

Mzee Gerishon hakutania. Alikuja na fimbo yake, akasimama juu yake mpaka kivuli kikamfunika.

"Nilikutoa kwa moto nikiwa nimekushika mkono hivi," akasema, akamwonyesha kiganja. "Niliacha duka, nikakushika wewe. Leo umekaa hapa unawasha moto kwa ajili yao."

"Baba, ninatengeneza kitu cha watu nilichoharibu."

"Na changu nani anatengeneza?"

Hilo Waiyego alilibeba kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

Maziwa ya kwanza aliyonunua na kuyalaza yaliganda yakinuka lile ua la pakiti. Akalisha paka, na paka akakataa. Ya pili yalichacha. Akakiloweka kibuyu kwa maji matupu, akakianika, akasugua makaa, akaloweka tena. Vidole vikababuka. Jumapili alipopokea ushirika, mchungaji alizitazama kucha zake nyeusi. Kimeli hakuja. Alikuwa amesema hatavunja neno la mama yake kwa siri, na Waiyego alimpenda zaidi kwa hilo na kumkasirikia vilevile. Mvua ikaja ikaenda. Uji uliendelea kuwa wa maji. Akiwasha moto asubuhi aliomba sala yake ile ile, lakini ilikuwa imeongezeka mkia: "Na mikono yangu isichoke kabla ya hasira."

Halafu asubuhi moja alifungua kifuniko akanusa, na pua yake haikukutana na kitu chochote cha dukani. Ilikuwa harufu ya moshi baridi na ng'ombe. Akaonja. Akaketi chini pale pale kwenye kuni, akalia mpaka Purity akaja kumwangalia.

"Imeharibika tena?"

"Hapana."

"Basi unalia nini, mjinga wewe?" Purity akasema, akampangusa uso kwa aproni yake chafu.

Alikipeleka Soy. Mama Tapsubei alikipokea juu ya geti lile lile. Akanusa. Akaingiza kidole, akakiangalia. Akanusa tena, kwa muda, kama mtu anayetafuta kosa mahali alipoliweka mwenyewe.

"Enda," akasema. Ni hivyo tu. Akaingia ndani na kibuyu.

Waiyego akarudi Langas akiwa hajui kama amepata au amepoteza. Siku zikapita bila neno, mpaka Jumamosi moja, foleni ikiwa imesimama, akasikia mikebe. Aligeuka kabla ya wote. Kimeli alikuwa anasukuma baiskeli, na kando yake alitembea mama yake, kitambaa cheupe kichwani, kibuyu kifuani.

Kelele zilikatika. Kisha zikarudi kwa namna ya mnong'ono, kama nyuki waliochokozwa.

"Huyo ndiye mwenye majivu?"

"Anywe kwanza!" mtu akaita kutoka nyuma. "Sheria ni sheria!"

Mama Adero akamletea kikombe. Mama Tapsubei hakukigusa.

"Kijana yangu amekunywa mbele yenu kama mbwa wa kuonja sumu," akasema, na hakuhitaji kupaza sauti. "Mimi sinywi. Kwetu mgeni na mkubwa wa nyumba ndio wanapewa kwanza. Nimekuja kupea mtu. Kama hakuna mtu hapa, niambieni nirudi."

Hakuna aliyesogea. Kimeli aliinamisha kichwa. Waiyego akaweka mwiko chini, akapita mbele ya foleni, akashika kile kikombe. Mama Tapsubei akammiminia. Michirizi myeusi ikazunguka juu ya weupe, ile ile. Waiyego akanywa yote, bila kupumua, na watu wote wa Langas wakamtazama koo.

"Hajaanguka," Purity akasema kwa sauti ndogo. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ndipo Cucu Nyakio, yule bikizee wa mate, akasukuma watu kwa viwiko na kunyoosha kikombe chake cha plastiki. "Mimi nitakufa tu hata bila maziwa," akasema. "Weka." Akanywa, akajilamba ufizi, akafikiri. "Inataka sukari."

"Haiwekwi sukari," Mama Tapsubei akajibu.

"Ndiyo maana mko na hasira."

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko, akajizuia. Mama Tapsubei alikuwa ameshaelekea kwenye benchi. Mzee Gerishon alikuwa ameketi palepale, fimbo katikati ya magoti, hajapepesa jicho.

"Mzee. Wewe ndiye ulimwaga maziwa yangu."

"Ni mimi. Na duka langu nani alichoma?"

"Si mimi. Na ng'ombe yangu nani alikula?"

"Si mimi."

"Basi."

"Basi nini? Unafikiri tumelipana?"

"Sijasema tumelipana. Nimesema si wewe, si mimi." Akammiminia kikombe, akamwekea pembeni mwa benchi. "Huyu msichana ameunguza vidole vyake vyote kwa chombo changu. Binti zangu wa kuzaa hawajawahi. Nilisema wakikunywa nitakuja kuona watu wake. Nimekuja. Nawaona. Wanaonekana vibaya."

Mzee Gerishon alikitazama kikombe. Hakukigusa. Watu wakangoja, Waiyego akangoja, na Kimeli akangoja, kofia mkononi. Mzee akaangalia vidole vya Waiyego, vile vilivyobabuka, kwa muda mrefu kuliko alivyokiangalia kikombe. Kisha akasogea. Alisogea kidogo tu, upana wa mtu mmoja mwembamba.

"Kaa," akasema. "Kukaa si kukunywa."

Mama Tapsubei akaketi. Wakatazama mbele wote wawili, kama abiria wasiojuana.

"Na sikiza," Mzee akaongeza. "Kama umekuja kwa maneno ya huyu msichana wangu, hakuna mtu huja peke yake na kijana na baiskeli. Hiyo ni dharau. Mnaenda, mnakuja na wazee, tunakaa. Na nitawaambia mambo mengi hamtapenda."

"Tutakuja na wazee. Na tutakuwa na yetu ya kuwaambia."

"Na usilete majivu."

"Nitaleta. Bila hiyo si maziwa."

Mzee akaguna. Kimeli alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena, akaenda kumimina maziwa ya uji kabla mtu hajambadilishia bahati. Safari hii hakuna aliyemwambia anywe. Labda walisahau. Labda walichoka. Foleni ikaanza kusonga, na matusi madogo madogo yakaanza tena nyuma, kwa sababu watu hawabadiliki kwa asubuhi moja.

Vikombe vilipoisha, Waiyego alikusanya vyombo vyote kwenye karai. Kibuyu kilikuwa kimebaki kitupu benchini. Akakichukua na vingine, akili ikiwa bado kwa Kimeli, mkono wake ukakielekeza kwenye karai lenye povu.

"Wewe!" Mzee Gerishon akafoka kutoka kwa benchi, fimbo juu, hata Mama Tapsubei akashtuka. "Hiyo usiguse na sabuni!"